Shelisheli ao Maldivi: konje ya mwaka wa 20 wa ndoa yetu

Ile foto niliiona Deira, kule Dubai, sasa miaka kama mine imepita, ilikuwa imebandikwa kwenye kioo cha ajansi moja ndogo ya safari, katikati ya duka la valizi na duka la simu. Nyumba ya mbao imesimama juu ya maji, ngazi inashuka moja kwa moja ndani ya bahari, maji yanaonyesha mchanga wa chini kabisa, na hakuna mtu hata mmoja. Mimi siku ile nilikuwa na balo tatu za rido kwa mtu wa transiti, miguu imevimba, sijakula tangu asubuhi, nikasimama pale kwenye jua nikaangalia ile ngazi. Chini iliandikwa Maldives. Nikatoa simu nikapiga foto ya ile foto, nikaendelea na kazi.

Mimi nauza rido na mashuka kwenye soko ya komine Kenya, hapa Lubumbashi. Ni miaka 17 sasa napanda ndege, na sijawahi kupanda hata mara moja bila orodha ya vitu vya kununua ndani ya mkoba. Airporti nazijua, hoteli za bei ya chini nazijua, namna ya kulala umekumbatia pesa naijua. Kupumzika ndiyo sijui, na ndiyo maana nataka kueleza vizuri namna tulichagua, juu najua tuko wengi, wafanyabiashara wa Lubumbashi, Goma, Bukavu, ambao tumesafiri sana na hatujawahi kwenda konje.

Tulioana tarehe 22 mwezi wa saba 2006, wiki moja mbele ya uchaguzi wa tarehe 30, mji wote ulikuwa umejaa picha za wagombea, hata ukuta wa sale tuliyofanyia fete ulikuwa umebandikwa. Kwa hiyo mwaka huu wa 2026 inafika 20. Kwenye likelemba yetu ya wamama 12, ile ya kuchanga pesa na kupokezana, nikaomba zamu yangu iangukie mwezi wa tano, bwana yangu naye ni deklaranti wa duane kule mpakani Kasumbalesa, akaongeza yake. Kuna watu wa familia walituuliza kwa nini hiyo pesa isinunue parseli. Parseli tulinunua, mabati iko juu yake, minervali ya watoto imelipwa mpaka mwisho wa mwaka. Hii ni ya sisi wawili, na nasema bila haya.

Mimi nilidhani mambo imekwisha, ni Maldivi, nikamwonyesha foto. Papa Naomi, ndiye bwana yangu, amezaliwa Moba, pembeni ya ziwa Tanganyika, maji kwake si kitu cha kushangaa. Aliangalia ile simu muda mrefu, afu akaniuliza:

"Ni muzuri, Mama Naomi. Sasa siku ya tatu, saa kumi ya mangaribi, tutakuwa tunafanya nini pale?"

Nikamwambia tutakuwa tumelala.

"Na siku ya ine?"

Sikuwa na jibu. Yeye alikuwa na jina lingine kichwani, Shelisheli, juu ya mteja wake mmoja wa Kasumbalesa aliyekwenda kule akarudi anahadithia milima, mawe makubwa kama nyumba, na watu wanaosema Kifaransa cha namna yao. Basi kuanzia siku ile, kila jioni kisha kula, tukawa tunafungua kaye ya shule ya Naomi iliyobakia kurasa nyeupe, upande wa kushoto Maldivi, upande wa kuume Shelisheli.

Nianze na pasporo, juu hapo ndipo safari nyingi za Wakongo zinafia. Unaweza kuwa na pesa, una barua ya benki, una kila kitu, na bado ukaambiwa hapana kwenye dirisha la ambasadi, na pesa ya viza hairudi. Sasa sikiliza: hizi nchi mbili zote zinapokea pasporo yetu. Maldivi wanatoa viza ya siku 30 pale pale unapofika, kwa mtu wa nchi yoyote, bila kulipa. Unatakiwa tu kuwa na hoteli iliyolipwa, tiketi ya kurudi, na kujaza fomu yao ya intaneti ndani ya saa 96 mbele ya safari. Shelisheli hawaombi viza kwa mtu yeyote wa dunia hii, wanaomba tu ruhusa ya kusafiri, unaijaza kwenye intaneti, unalipia, wanakujibu kwa imeli. Mimi niliposoma hayo nilikaa kimya kidogo. Nimezoea kuomba nchi iniruhusu nipite, na hapa ni nchi mbili nzuri namna hii zinaniambia karibu.

Lakini wote wawili wanataka karte ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, juu Kongo iko kwenye orodha ya nchi zenye ugonjwa huo. Wengi wetu tuko nayo, tunaitoa tu bila kuisoma. Isome! Mimi yangu jina la posti lilikosewa herufi moja siku walipoijaza, miaka yote nimepita nayo Dubai hakuna aliyeangalia, ila Papa Naomi mwenyewe kazi yake ni karatasi, aliiweka pembeni ya pasporo akaona mara moja. Tukaenda kuomba watengeneze, wakatuzungusha siku tatu, mwenye kashe hayupo, mwenye kashe amekwenda kwenye kilio, mwishowe tukapata. Fanya hiyo kazi mwezi mbele, usingoje wiki ya safari.

Sasa Maldivi yenyewe. Ni nchi ya matumbawe, visiwa karibu 1200, vyenye wenyeji wake ni kama 200 tu, na sehemu kubwa ya nchi haifiki hata mita 2 juu ya bahari. Mwezi wa kumi 2009 prezidenti wao wa wakati ule, Mohamed Nasheed, alivaa nguo za kuzamia na mawaziri wake wakafanya mkutano chini ya maji, waweke mikono kwenye karatasi kule kule, dunia ione kwamba bahari ikipanda kidogo wao wanakwisha. Hoteli zao za kifahari ziko kwa desturi moja: kisiwa kimoja, hoteli moja. Ya kwanza, Kurumba, ilifunguliwa 1972, na tangu pale wameendelea vile vile. Maana yake unafika airporti, unachukuliwa na boti ya mbio ao na ndege ndogo inayotua juu ya maji, unawekwa kwenye kisiwa, na kisiwa chote ni hoteli yako. Unakizunguka kwa miguu na mara nyingi hata nusu saa haifiki. Hakuna soko, hakuna kanisa, hakuna mtoto anayetoka shule. Wanaokaa pale ni wageni na wafanyakazi basi.

Na ile ndege ya maji hairuki usiku. Hilo ulijue vizuri, juu sisi tunaotoka huku tunafika kwa kuunganisha ndege mbili ao tatu, ukitua Malé jua limekwisha kuzama unalala hapo karibu na airporti kwa pesa yako, kesho asubuhi ndipo unaendelea. Usiku wa kwanza umekwenda.

Bei. Niliandikia ajansi moja, wakanitumia fakture ya kwanza, nyumba ya juu ya maji dola 480 kwa usiku, asubuhi na jioni unakula, usiku tano. Nikapiga hesabu: 2400. Nikafurahi, nikasema hii tunaiweza. Papa Naomi akavaa miwani, akaweka kidole kwenye alama mbili ndogo za kujumlisha pembeni ya 480, ++, namna hii.

"Hizi ni za nini?"

Mtu wa duane hapitwi na alama. Hizo plus mbili maana yake kuna vitu viwili havijaingia: asilimia 10 ya huduma, na kodi ya utalii ya serikali ambayo tangu mwezi wa saba 2025 ni asilimia 17, na hiyo 17 inapigwa juu ya bei ambayo imekwisha kuongezwa ile 10. Tukaandika kwenye kaye. 2400 na 240 ni 2640. Asilimia 17 ya 2640 ni 448 na senti 80. Sasa tuko 3088 na senti 80. Kisha kuna kodi ya kijani, dola 12 kwa mtu kwa usiku mmoja kwenye hoteli za namna hiyo, sisi wawili usiku tano ni 120. Kisha ndege ya maji, walituandikia 550 kwa mtu, kwenda na kurudi, 1100. Chini ya mstari: dola 4308 na senti 80, hatujanunua bado tiketi ya kutoka Lubumbashi, hatujala saa sita, hatujanywa hata chupa moja ya maji. Niliangalia ile namba nikakumbuka ile furaha yangu ya 2400. Ile ajansi hawakudanganya, alama waliiweka, ila hakuna aliyenieleza, na mimi ni mtu wa biashara, najiuliza mwalimu ao muuguzi ambaye ameweka pesa kidogo kidogo miaka mitatu, yeye nani atamweleza? Kwa hiyo uliza hivi hivi: "Niandikieni bei ya mwisho, kodi zote ndani, na usafiri wa kisiwani ndani." Kama hawataki kuiandika, tafuta wengine.

Kuna njia ya bei ya chini. Tangu 2009 hivi serikali yao iliruhusu nyumba za wageni kwenye visiwa vya wenyeji, Maafushi ndiyo inajulikana sana, unalala kwa bei ndogo, bahari ni ile ile. Ni kitu kizuri, vijana wafikirie. Lakini kisiwa cha wenyeji kina sheria za wenyeji: ni nchi ya Kiislamu, kwenye visiwa vya wenyeji pombe haiuzwi, chupa hata moja huwezi kuingiza airporti wanaikamata, na kuogelea na nguo ya kuogea ni kwenye sehemu ya pwani iliyotengwa. Mimi hayo hayanisumbui, mtu anaheshimu nyumba ya mwenzake. Kilichonigusa ni kingine. Miaka 20 ya ndoa, mimi nilitaka misa ya kushukuru siku ile ile, na Maldivi hakuna kanisa la kwenda. Ni haki yao, nchi ni yao. Ila siku yangu ile nilitaka kupiga magoti mahali.

Shelisheli, sasa. Visiwa 115, ila mgeni kwa kawaida anajua vitatu: Mahé, Praslin na La Digue. Hivi si matumbawe, ni mawe ya graniti, milima inapanda kutoka baharini imejaa miti mpaka juu. Mlima wao mrefu, Morne Seychellois, una mita 905, na hapa Papa Naomi alifurahi sana kugundua kwamba sisi huku Lubumbashi tunalala kwenye mita kama 1200, yaani mlima wao mkubwa kabisa uko chini ya kitanda chetu. Lakini mtu anausikia mlima kwa miguu, kutoka kwenye maji mpaka juu, hiyo ni kazi.

Mji mkuu ni Victoria, mdogo kabisa, nchi nzima ina watu 100,000 na zaidi kidogo, mimi nikifikiria komine moja tu ya hapa kwetu inawapita. Kuna soko katikati ya mji, ya samaki, viungo, vanila, ndizi. Kuna katedrali ya Bikira Maria. Kuna basi za serikali zinazozunguka kisiwa kwa pesa ndogo, unapanda na wenyeji. Na fukwe zote ni za watu wote, hata ile iliyo mbele ya hoteli ya bei kali huwezi kufukuzwa ukitandika kitambaa chako. Lugha yao ni Kreoli, wanaandika kama wanavyosema, "bonzour", "ki mannyer?", na mtu aliyesoma shule ya Kongo hiyo anaielewa hata kabla ya kufundishwa. Nilisikiliza redio yao kwenye simu jioni moja nikiwa nakunja mashuka dukani, nikawa nashika nusu ya maneno. Nilitabasamu peke yangu.

Praslin kuna msitu unaitwa Vallée de Mai, UNESCO waliuweka kwenye urithi wa dunia 1983. Ndani kuna mnazi ambao kwa asili unaota Praslin na kisiwa cha jirani cha Curieuse tu, basi, dunia nzima hakuna pengine. Koko de mere, yaani nazi ya bahari. Mbegu yake ndiyo nzito kuliko mbegu zote za mimea, kilo 15 inafika na kupita, na ina umbo la kiuno cha mwanamke, hiyo ndiyo kila mtu anacheka nayo. Zamani mabaharia waliziokota zinaelea, hata pwani za Maldivi zilifika, wakaamini zinatoka kwenye mti unaoota chini ya bahari, ndiyo maana jina likabakia hilo. Ukitaka kununua moja unadai karatasi ya ruhusa, bila hiyo wanakunyang'anya airporti.

La Digue watu wanatembea kwa baisikeli. Ndiko kuna ile pwani ya mawe makubwa ya mviringo, Anse Source d'Argent, ambayo hata wewe umekwisha kuiona kwenye kalenda bila kujua jina.

Kuna jambo lingine, na hili Papa Naomi ndiye aliyenisomea usiku, taa ilikuwa imekatika, tunatumia mwanga wa simu. Mahé ndiko Waingereza walikuwa wanapeleka wafalme wa Afrika kisha kuwashinda. Kabalega wa Bunyoro na Kabaka Mwanga wa Buganda walikamatwa 1899, wakapelekwa kule. Mwanga alifia huko 1903. Kabalega alikaa mpaka 1923, wakamruhusu kurudi, akafia Jinja njiani, hakufika kwake. Prempeh wa Asante naye alikaa miaka zaidi ya 20. Na miaka ya 1860 na 1870, Waingereza walipokuwa wanakamata majahazi ya watumwa baharini, watu waliookolewa walishushwa Mahé, maelfu, watu waliotolewa huku barani, na watoto wao ndio sehemu ya Washelisheli wa leo. Moba kwa bwana yangu misafara ile wazee wangali wanaihadithia, namna watu walivushwa ziwa hawakuonekana tena. Wako na ngoma inaitwa moutya, watumwa ndio walioianzisha, ngozi ya ngoma wanaipasha moto kwanza ndipo ilie vizuri, UNESCO waliiandika 2021. Ngozi kuipasha moto! Nani wa kwetu hajaona mzee anageuza ngoma pembeni ya makaa? Papa Naomi alizima simu tukakaa kwenye giza. Hakusema kitu, na mimi nilijua yeye amekwisha kuchagua.

Mimi bado. Nasema ukweli, ile ngazi inayoshuka kwenye maji ilikuwa inaniita. Niliona kama ananikatalia kupumzika, ananipeleka kwenye kazi nyingine ya kupanda mlima na kusoma historia. Nilimwambia hivyo, kwa sauti ambayo si nzuri.

"Ninachoka, Papa Naomi. Sitaki kuona batu. Kila siku ni batu, bei, batu, bei."

Hakukasirika. Akasema tujaribu kwanza hapa. Kuna lodji moja nje ya mji, njia ya Kipushi, ina bwawa na miti, kimya kabisa. Jumamosi moja tukaenda, duka nikamwachia mdogo wangu, simu zote mbili tukaziacha nyumbani kwa Naomi. Tukafika saa mbili ya asubuhi, tukapewa viti vya kulala, kinywaji, chini ya muti. Saa moja ya kwanza nililala kweli, usingizi mzito, mpaka mate. Saa tatu na nusu nikaamka, nikaangalia maji. Nikaangalia rido za ile lodji, zilikuwa zimekatwa fupi, aliyezipima hakuacha upindo. Nikageuza kiti. Saa nne nikaomba mkeka. Saa tano ya asubuhi, saa tano tu, nikamwambia twende tutembee, na hatukutembea kwenye miti, mimi mwenyewe nilimpeleka barabarani mahali wamama wanauza mahindi ya kuchoma, viazi vitamu na makaa, nikachuchumaa kwa mama mmoja tukaanza kuhadithia, mvua ilivyokuwa, watoto wake, mume wake aliyekwenda kwenye machimbo Kolwezi. Tulikaa pale karibu saa moja na nusu. Nilikula hindi mbili. Sikuuza kitu, sikununua kwa kupata faida, hakuna aliyeniuliza bei. Niliporudi kwenye kiti nilikuwa mwepesi, kichwa kimefunguka, kama mtu aliyeoga.

Hapo ndipo niliona. Kumbe watu hawanichoshi. Kinachonichosha ni kuuza. Mimi nikipewa soko ambayo siuzi kitu ndani yake, napumzika.

Ile ngazi ya Maldivi sasa nilipoifikiria, niliona siku ya kwanza nzuri kabisa, siku ya pili nzuri, siku ya tatu nahesabu mbao. Na kule huwezi kutoka barabarani ukachuchumaa kwa mama wa mahindi, kuna bahari pande zote na boti inalipiwa.

Sisemi Maldivi ni mbaya, na usinielewe hivyo. Rafiki yangu mmoja wa moziki, chama chetu cha wamama, ni muuguzi, anafanya usiku kwenye maternite miaka mingi, yeye na bwana yake walikwenda Maldivi siku sita, na yeye alirudi na uso mwingine. Alilala. Aliniambia alilala, aliamka akakula, akalala tena, na hakuna mtu aliyempigia kelele ya "Mama, damu!" Kwa mtu kama huyo hakuna kisiwa kinachofaa kuliko kile, na kama una pesa ya kumpeleka mtu wa namna hiyo, mpeleke. Na wanaopenda kuzamia pia, hasa Hanifaru, kwenye atoli ya Baa, mwezi wa tano mpaka wa kumi na moja wale samaki wakubwa wanaoitwa manta wanakusanyika kula, hiyo Shelisheli haina ya kiasi hicho. Na Shelisheli nao wanavyo visiwa vya hoteli moja kama unataka, North Island ni kimoja, ndiko Prince William na Kate walikwenda kisha harusi yao 2011, hiyo bei sikuuliza hata.

Lakini tarehe nayo iliamua. Sisi siku yetu ni mwezi wa saba, na watoto wako konje ya shule, si rahisi kuisogeza. Mwezi wa saba Maldivi ni wakati wa upepo wa kusini-magharibi, mvua inakuja inakwenda, bahari nzito, ndiyo maana bei zinashuka kidogo. Wakati wao mzuri ni mwezi wa kumi na mbili mpaka wa ine. Shelisheli kinyume: mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza mvua nyingi, mwezi wa tano mpaka wa tisa upepo wa kusini-mashariki unaleta ukavu na baridi kidogo, kama kiangazi chetu huku bila vumbi. Tu huo upepo unatupa majani ya bahari kwenye fukwe za upande wake, Grand Anse ya Praslin kwa mfano inajaa, na mawimbi ya nguvu. Kwa hiyo mwezi wa saba, Praslin chukua hoteli upande wa Côte d'Or, na Mahé upande wa Beau Vallon. Mtu wa ajansi hatakwambia hivyo kama hoteli anayouza iko upande wa majani. Wanaoweza kuchagua mwezi wowote, waende wa ine ao wa kumi, upepo unageuka, bahari inatulia.

Tumechukua usiku saba. Tatu Mahé, ine Praslin, na siku moja ya kwenda La Digue, boti kutoka Praslin ni kama robo saa. Hoteli zote mbili ni ndogo, vyumba havifiki 25, nzuri, mashuka yao nimeyaangalia kwenye foto kwa makini ni pamba kweli, na kwa hesabu ya kaye ni dola 330 kwa usiku, kodi ndani, asubuhi unakula: 2310. Juu yake kuna pesa ya mazingira ya serikali, rupia 25 kwa mtu kwa usiku kwenye hoteli ndogo kama hizo, sisi wawili ni rupia 350, haifiki dola 30. Ndege ni ya kupitia Addis-Abeba. Saa yao iko mbele ya yetu kwa saa mbili tu, mwili hautapotea.

Tarehe 22 ni Jumatano, siku ya kazi. Tutakuwa bado Mahé. Papa Naomi aliandikia paroasi ya katedrali imeli kwa Kifaransa, akaeleza sisi ni nani na tunatoka wapi. Walijibu siku mbili kisha, misa ya asubuhi, karibuni.

Ile foto ya Deira sijaifuta. Mdogo wangu amekuja jana kuchukua mafunguo, kwanza la grili, la pili la mlango, la tatu la sanduku, nikamwonyesha kaye ya madeni, nani analipa mwisho wa mwezi na nani wa kungoja. Aliniuliza kama ataniletea orodha ya vitu vya kununua kule, jinsi tunavyofanya kila safari. Nikamwambia safari hii hapana. Akasimama na mafunguo mkononi, akaniangalia.

"Yaya, sasa utarudi na nini?"

Nikamwambia nitamletea vanila.